Ubao Katika Nchi ya Ngamia

Mwenye kutaka kuandika tarehe ya mbao katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, yaani ile sehemu ya mashariki ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iliyofanywa mkoa wa peke yake mwaka 1963, hana budi kuanza kwa ngamia, maana huko ngamia ndiye aliyekuwa kipimo cha kila kitu cha mti. Kitu ambacho hakikuweza kufungwa juu ya mgongo wake, kikasafiri mchana kutwa bila ya kumchubua wala kumlemea, hakikuwa na nafasi katika mali ya mfugaji, hata kingekuwa kizuri namna gani. Kwa sababu hiyo nyumba yenyewe, iitwayo aqal au herio, haikujengwa kwa mbao wala kwa boriti, bali kwa fito na mizizi iliyopindwa ikafanya kuba, ikavikwa mikeka na ngozi. Na wanawake, ambao ndio wajenzi wake na ndio wenyewe, waliweza kuibomoa asubuhi, wakaipakia pamoja na watoto na vibuyu, na jioni ikawa imesimama tena mahali pengine penye malisho.

Vyombo navyo vilikuwa vya kuchongwa katika pande moja la mti: kinu na mchi wake, bakuli na kata, na kengele ya ngamia iitwayo koor, ambayo hutolewa moyo wote likabaki ganda lenye kulia kwa sauti nzito, hata mwenye kumtafuta ngamia wake alfajiri akamjua alipo kabla hajamwona. Kazi zote hizi ni za kuchimba na kuchonga; hapana hata moja inayodai gogo lipasuliwe kwa urefu wake.

Isipokuwa moja, nayo ni ubao wa chuoni. Katika duksi ya Kisomali, iwe mjini au chini ya mgunga porini, mwanafunzi wa Kurani hupewa kibao ambacho wenyewe hukiita loox, kwa neno lile lile la Kiarabu lililo katika Kitabu, akaandika juu yake aya zake kwa kalamu ya kijiti na wino wa makaa yaliyosagwa, akazisoma hata zikamkaa moyoni, kisha akauosha ubao na kuandika nyingine. Kibao hiki hupatikana kwa shoka na tezo, kikasuguliwa hata kikawa laini, na kwa kuwa hakizidi urefu wa mkono wa mtu, ngamia hana neno nacho. Basi, kwa kadiri ninavyoona mimi, ubao uliingia katika maisha ya wafugaji hawa kwa ajili ya herufi zamani sana kabla ya kuingia kwa ajili ya mlango, meza au dari. Na si watu wengi duniani wanaoweza kuyasema hayo juu ya mbao zao. Hata katika mauti walikosa ubao, maana watu wa pwani humfunikia maiti wao kwa kiunza ndani ya mwanandani, ilhali mfugaji aliyefiwa safarini alitumia mawe na matawi aliyoyakuta.

Kando ya mto mambo yalikuwa mengine. Tana, unaoshuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua ukapita katikati ya nchi kavu hata ukaingia baharini karibu na Kipini, umefuatwa tangu kale na ukanda mwembamba wa msitu, wenye mikuyu, mikwaju, migunga mirefu, mikoma, mikindu, na mti mmoja wa ajabu wa jamii ya mipopla ambao wenye elimu ya mimea huuita Populus ilicifolia, usioota ila kando ya mito michache ya nchi hizi. Humo Wapokomo, na juu zaidi Wailwana wanaoitwa pia Wamalakote, walipata magogo ya mitumbwi. Na mtumbwi ndio uliokuwa barabara yao, soko lao na daraja lao. Lakini mtumbwi ni gogo lililochimbwa, wala si mbao zilizounganishwa, na kwa hiyo watu wa mtoni, pamoja na wingi wa miti yao, hawakuhitaji msumeno zaidi kuliko wafugaji waliokosa miti.

Mbao zenyewe zilikuwa kazi ya watu wa pwani, na hapa inafaa tukumbuke mtepe, chombo kile cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu kilichodumu hata mwanzo wa karne ya ishirini, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi pasipo msumari hata mmoja. Fundi wa zama hizo, aliyekuwa na shoka, tezo na kabari, alilipasua gogo katikati, kisha akalichonga kila pande hata likawa ubao, ikawa gogo zima, lililolelewa na Mola kwa miaka mia, halitoi zaidi ya mbao mbili, na kilichosalia chote ni vibanzi vya kuwashia moto. Asiyeyajua haya huweza kudhani kwamba ubadhirifu wa miti ulikuja na mashine. Kumbe mkono wa mwanadamu ulikuwa mbadhirifu kabla yake, ila ulikuwa mpole, na msitu ulipata wasaa wa kupumua.

Msumeno mrefu wa watu wawili ulienea bara pamoja na wageni waliotaka milango na mabenchi: mafundi wa Kihindi, maafisa wa serikali, na wamisionari waliojikalisha Tana ya chini katika miaka ya 1880, Wamethodisti huko Golbanti na Wajerumani wa Neukirchen huko Ngao. Kazi yake haihitaji maelezo mengi kwa aliyeiona na haiaminiki kwa asiyeiona. Huchimbwa shimo refu, au husimamishwa jukwaa, gogo likalazwa juu yake, likapigwa uzi ili mstari uonekane. Mmoja akasimama juu ya gogo na mwenzake akaingia chini yake, wa juu akiuongoza msumeno katika mstari na wa chini akiuvuta kwa nguvu zake zote huku vumbi la mti likimwingia machoni, na katika hali hiyo siku ikapita kwa mbao chache. Mpasuaji wa chini ni mtu ambaye sijapata kumwona akisifiwa katika kitabu chochote.

Katika nchi ya wafugaji, hata hivyo, hapakuwa na wa kumwita mpasuaji. Serikali ya Kiingereza, kwa amri ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali, kisha kwa kuifunga wilaya ya kaskazini mwaka 1926, na tena kwa sheria ya mwaka 1934, iliifanya nchi hii kuwa ya kuingia na kutoka kwa ruhusa, na mahali ambapo mfanyabiashara huomba hati ili apite, mbao ni bidhaa ya mwisho atakayoifikiria. Garissa ilikuwa boma tu juu ya ukingo wa Tana. Mwanzo wa mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalitoka upande huo kwenda Kismayu, yakaitwaa katikati ya Februari, na jina la Garissa likasikika kwa muda katika habari za vita; vita vilipohamia mbali, mji ukarudia usingizi wake.

Kilichouleta mlango wa mbao ni taabu. Baada ya uhuru vilizuka vita vilivyoitwa vya shifta. Nchi hii yote ikawekwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu mwisho wa mwaka 1963, na mwaka 1966 serikali ikawakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, ambamo ngamia wengi walikufa kwa kukosa malisho na kwa risasi. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita, lakini sheria zile za hatari hazikufutwa hata mwaka 1991. Tena ukame wa miaka ya 1970 na ule wa 1984 ukaja ukamaliza walichobakisha wanadamu. Mtu asiye na ngamia hahami, na asiyehama hujenga nyumba ya pembe nne. Na nyumba ya pembe nne hudai mlango, dirisha, kenchi ya paa na kitanda cha miguu minne, na hivi vyote hudai mbao. Kwa hiyo sokoni Garissa zikaanza kushushwa kutoka kwenye malori mbao za saipresi za nyanda za juu, zilizosafiri kwa njia ya Thika na Mwingi, kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi, zikiuzwa pamoja na boriti za mikoko kutoka Lamu. Na jua la Garissa, lisilomstahi mgeni, lilizikausha zile mbao laini upesi hata zikapinda, na mchwa wakamaliza kazi iliyosalia.

Msitu wa mto nao ulikuwa ukidhoofu, wala si kwa shoka tu. Miti ya ukingoni huota kwa gharika. Mbegu yake hutaka udongo mpya ulioachwa na maji, na gharika kama ile ya mwaka 1961 huangamiza mashamba mwaka huu na kuzaa msitu mwaka ujao. Kisha yakajengwa mabwawa ya umeme huko juu, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, na kila bwawa likaupunguzia mto kiburi chake, hata mafuriko ya kawaida yakawa machache na madogo, na miche ya mipopla na migunga ikakosa mahali pa kuzaliwa. Wakati huo huo, mtoni chini ya Garissa, mradi wa unyunyizaji wa Bura ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulileta maelfu ya walowezi waliohitaji kuni za kupikia, na wenye kuusimamia wakaona dhahiri kwamba pasipo miti ya kupandwa, msitu wa Tana ungeishia mekoni.

Hapo ndipo alipoingia mgeni ambaye habari yake yataka kusimuliwa kwa utulivu. Mti wa Prosopis juliflora, ambao Kenya nzima huuita mathenge, asili yake ni Amerika. Mbegu zake zililetwa Mombasa mwaka 1973, kutoka Brazil na Hawaii, ili kuyafunika machimbo ya mawe ya saruji huko Bamburi. Na zilipoota mahali ambapo hapakuota kitu, sifa zake zikaenea. Katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, ukapandwa Hola, ukapandwa Bura kwa msaada wa watu wa Finland, na kutoka mashamba hayo, kwa matumbo ya mbuzi na kwa maji ya mto, ukajipanda wenyewe kila mahali. Mbuzi huyapenda maganda yake matamu. Mbegu hupita tumboni mwake salama, ikatoka imekwisha tiwa mbolea. Kwa muda wa kizazi kimoja ukingo wa Tana, njia za ngamia, mabwawa ya kunyweshea na viwanja vya mji vikazibwa na vichaka vya miba ambavyo hata nyoka huvipita kwa adabu.

Wafugaji waliulaani, na walikuwa na haki. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishitaki serikali kwa kuuleta mti huo, na miongoni mwa ushahidi wao alikuwamo mbuzi aliyeng'oka meno kwa utamu wa maganda yake, akapelekwa mahakamani Nairobi ajionyeshe kinywa. Nadhani ndiye shahidi pekee katika tarehe ya Kenya aliyesema kweli bila ya kuapishwa. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa gugu baya kisheria. Hata hivyo sikubaliani na wanaowacheka maafisa wa misitu wa zama zile, maana waliomba mti usiokufa, nao wakapewa.

Tena mti huo una siri ndani yake. Moyo wake ni wa rangi ya hudhurungi yenye wekundu, uzito wake hukaribia kilo 800 kwa mita ya ujazo, na juu ya yote hunywea kidogo mno unapokauka, kidogo kuliko miti mingi yenye jina kubwa. Maana yake ni kwamba ubao wake, ukitulia, hautapinda katika jua lile lile linaloitesa saipresi. Waajentina, ambao wana ndugu zake wengi, walizitandika barabara za Buenos Aires kwa matofali ya mti wa jamii hii mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Aibu yake ni umbo. Mashina huchipuka mengi pamoja, yamejikunja, na ni nadra kupata kipande kilichonyooka kupita mita mbili au chenye unene wa kupita wa paja la mtu mzima. Ndiyo sababu watu wengi waliokubali kuutumia waliishia kwenye kuni, makaa na vigingi vya boma.

Kiwanda cha mbao hakina kazi na gogo la namna hiyo. Msumeno wake mkubwa umetengenezewa magogo marefu yaliyonyooka kama mikuki, na kukiletea kwa lori magogo mafupi, mazito, yenye miba, kutoka mahali pasipo barabara, ni kununua hasara. Shimo la wapasuaji wawili nalo halifai, kwa kuwa gogo fupi halikai juu yake, na mti huo ukikauka hugeuka kama chuma. Kilichobaki ni kuuchukua msumeno kuupeleka kwa mti, kama vile mfugaji anavyoipeleka nyumba kwa malisho. Na hapo ndipo msumeno wa mnyororo, ambao watu wa Kenya huuita pawaso, unapopata ustahiki wake.

Chombo hiki si cha jana. Andreas Stihl wa Stuttgart alitengeneza wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, nao ulikuwa na kilo 46 ukibebwa na watu wawili. Na mwaka 1947, huko Portland ya Oregon, Joseph Cox akaanza kuuza mnyororo ambao meno yake aliyaiga kutoka kwa mdomo wa buu mla mti, na minyororo yote ya leo ni watoto wa huo. Kwa kupasua mbao katika nchi za joto, ulioshika enzi ni Stihl 070, uliotoka mwaka 1968, wenye injini ya sentimita za ujazo 106, kilele cha kelele, mzito wa kuwachosha vijana. Hauna mbio, una nguvu za taratibu zisizokatika, na kupasua kwa urefu wa mti hudai nguvu hizo, kwa kuwa mnyororo hufanya kazi bila ya kupumzika tangu mwanzo wa gogo hadi mwisho.

Mashine za namna hiyo hazifi kwa uzee ila kwa kutelekezwa. Utaikuta moja ikiwa imetupwa penye vyuma chakavu, kamba imekatika, tangi limejaa mchanga. Na fundi wa jua kali, kabla hajaulizia bei, huishika kamba ya kuwashia akaiacha mashine ining'inie, maana ikishuka upesi kwa uzito wake yenyewe, ringi zimekwisha, na ikishuka kwa kusitasita, pistoni ingali na pumzi. Kisha huifungua, akaondoa masizi, akasugua platini kwa msasa mwembamba, akabadili utando wa mpira ndani ya kabureta ambao ukikauka hukazana kama ngozi ya ngoma, akakata gasketi mpya, akatia sili mpya penye ncha za kranki, maana hewa ikipenya hapo injini itawaka moto mkali na kuungua. Petroli yake huchanganywa na oili, moja kwa ishirini na tano katika mashine za zamani. Na mwenye kubania oili humpa fundi kazi ya pili.

Mnyororo nao hauwi ule wa kukatia. Meno ya kukata mti kwa upana hutiwa tupa kwa mshazari wa digrii 30 au zaidi, lakini ya kupasua kwa urefu huletwa karibu na kunyooka, digrii 10 hivi, ili ubao utoke laini. Gogo hupasuliwa lingali bichi, likakazwa kwa kabari lisizunguke. Wapasuaji wa kawaida wa Kenya hupiga uzi uliotiwa weusi wa betri kuukuu za tochi, wakapasua kwa jicho na mkono mtupu. Na kazi hiyo ni ya kutazamwa kwa mshangao, lakini ubao wake huwa mnene huku na mwembamba kule, na kwa ukosefu huo pamoja na upana wa njia ya mnyororo, ambao hufika milimita 9, mbao zinazopatikana huweza kuwa chini ya theluthi moja ya gogo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kila mapito manne ya mnyororo, ubao mzima wa inchi moja na zaidi umekwisha kuwa vumbi. Kwa gogo kubwa la mvule hasara hiyo ni dhambi. Kwa gogo la mathenge, ambalo lingeishia kwenye tanuri la makaa, mimi naihesabu kuwa sadaka.

Dawa ya ukosefu huo ni fremu. Upanga wa msumeno hufungwa katika kiunzi cha chuma chenye kupimika, na kwa pito la kwanza hupigiliwa juu ya gogo ubao ulionyooka au reli, kiunzi kikateleza juu yake. Baada ya hapo uso uliokwisha kupasuliwa ndio unaoliongoza pito linalofuata, na kila ubao hutoka kwa unene ule ule. Watafiti wa misitu walizijaribu fremu hizi nchini Kenya mwanzoni mwa karne hii, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye kituo Marigat katika Baringo, imeonyesha viti na meza za mathenge ambazo mtu asiyeambiwa atazidhani ni za mkangazi. Mbao zake ni fupi, aghalabu chini ya mita moja na nusu, na seremala hana budi kuziunganisha kwa gundi na ndimi. Lakini kuna vitu vingi vya maana ambavyo havihitaji ubao mrefu: kiti, kigoda, mlango wa kabati, mpini, sakafu, na vibao vya duksi.

Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, na bei ya saipresi ikapanda, wengi walitazamia kwamba mti huu ungeshika soko mara moja. Haukushika, na sababu haziko mbali. Anayesafirisha mazao ya msitu sharti awe na kibali cha Shirika la Misitu, na askari wa kizuizini hana wakati wa kutofautisha gugu lililolaaniwa na mti uliohifadhiwa. Mpasuaji huchomwa na miba yenye sumu inayovimbisha kabla hajafika kwenye shina. Petroli ya Garissa si rahisi. Na mnunuzi wa mjini angali akiamini kwamba mathenge ni kitu cha kuchoma.

Tena kazi haishi gogo likiisha. Shina lililokatwa juu ya ardhi huchipua matawi kumi mahali pa moja, yote membamba, yote yenye miba, wala hapana hata moja litakalotoa ubao. Anayeitaka ardhi yake kwa malisho lazima achimbe, aukate mzizi shubiri moja au mbili chini ya uso wa udongo pale machipukizi yanapoanzia, na kwa jembe hilo halipwi na mnunuzi wa mbao. Anayeutaka mti kwa mbao hufanya kinyume: huchagua chipukizi moja lililonyooka kuliko mengine, akayaondoa yaliyobaki, akalipogoa matawi ya chini mwaka baada ya mwaka, kisha akangoja miaka kumi na kupita.